Lamun, Paka Wake na Jina la Siam

Siku aliyoambiwa kwamba kofia yake si kofia, Lamun alikuwa ameivaa. Ilikuwa kofia pana ya ukili, ile ile wanayovaa wanawake wote wa Mae Klong wanaouza vitu kwa mtumbwi. Aliisuka mwenyewe, akaushona ukingo wake kwa uzi mwekundu. Alikuwa amepanga foleni kwenye ofisi ya wilaya kuomba maji. Mvua zilikuwa zimechelewa, bahari ilikuwa imepanda hadi ndani ya mifereji, minazi ilikuwa inakunywa chumvi na kukunja uso, na watu wa mfereji wa Bang Takhop walikuwa wakikwangua vitako vya mitungi yao. Walisikia kwamba serikali inagawa maji matamu kwa mashua.

"Mama, huwezi kuhudumiwa bila kofia," alisema Bwana Sawaeng, msaidizi wa mkuu wa wilaya, kijana wa Bangkok mwenye shingo nyembamba na kola iliyopigwa pasi ikasimama kama ukuta.

Lamun akainua mkono akagusa kichwa, asije akawa ameisahau mtumbwini. Ilikuwepo.

"Ninayo, Bwana."

"Hiyo si kofia."

"Ni nini basi? Sufuria?"

Foleni ikacheka. Bwana Sawaeng hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye kofia yake mwenyewe, nzito, ya kitambaa cha sufu, iliyolowa jasho pande zote. "Kofia ni hii. Amri ya serikali imesema kofia, haikusema ungo. Mthai mstaarabu hatoki nje na ungo kichwani."

"Mimi ni Msiam."

"Hakuna Msiam siku hizi, Mama. Mwaka wa pili huu. Nchi yetu ni Thailand, na wewe ni Mthai. Hukusikia?"

Alisikia. Khlai, mkuu wa kijiji, aliisoma amri hiyo ya jina hekaluni mbele ya watu wote, ameishika karatasi kichwa chini miguu juu mpaka mtawa mmoja akamgeuzia. Lamun aliisikia neno kwa neno. Hakuimeza. Ilimkaa kooni tangu siku ile kama mwiba wa samaki, na kila aliyemwita Mthai alikuwa anausukuma ndani kidogo.

Na hasira yenyewe haikuzaliwa siku ya amri. Ilianza zamani, alipokuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya Wazungu huko Bangkok. Bibi wa nyumba hiyo alikuwa na paka wawili wenye nyuso nyeusi na macho ya buluu, na wageni wakija aliwanyanyua juu na kusema, "Hawa ni wa Siam wangu." Alikuwa na samaki mwekundu kwenye chupa, mkorofi, anayepigana hata na kivuli chake, huyo naye alikuwa wa Siam. Lamun, aliyekuwa amesimama hapo na sinia la maembe, hakuitwa wa Siam. Aliitwa "wewe."

Jioni moja mgeni akamuuliza kwao ni wapi.

"Mae Klong, Bwana."

Uso wa mgeni ukachangamka. "Aaa! Kwa wale pacha!" Akamvuta mwenzake, wakajibandika ubavu kwa ubavu, wakaanza kuizunguka meza kandokando kama kaa. "Pacha wa Siam! Pacha wa Siam!" Meza nzima ikacheka mpaka watu wakafuta machozi kwa vitambaa vya kulia. Lamun akaliweka sinia sakafuni, pale pale alipokuwa. Alfajiri ilimkuta yumo kwenye mashua ya kurudi kwao.

Maana kwao pacha wale hawakuwa mchezo wa mezani. Walikuwa In na Chan, watoto wa mwanamke wa Mae Klong, waliozaliwa wameungana mbavuni, vijana wauza mayai ya bata. Bibi yake Lamun alisimuliwa na mama yake, aliyekuwa akinunua mayai yao, kwamba walipiga makafi kila mmoja upande wake na mtumbwi ukanyooka kama mshale. Kisha Mzungu mmoja akawaona, akawataka, akamwahidi mama yao kwamba watarudi. Hawakurudi. Walizeeka ng'ambo, wakafa ng'ambo. Na tangu hapo mtoto akizaliwa ameungana na nduguye, awe wa Tabora au wa Paris, dunia inamwita pacha wa Siam. Watu walilijifunza jina la nchi kwenye mbavu za watoto wa mwanamke yule, na yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.

Kwa hiyo paka ni wa Siam. Samaki ni wa Siam. Pacha wa dunia nzima ni wa Siam. Na Lamun, aliyezaliwa na mama na baba wa Siam kwenye nyumba ya nguzo juu ya maji ya Siam, ndiye peke yake aliyefutwa.

Ndiyo maana pale kwenye dirisha la ofisi ulimi ulimtoka.

"Na paka, Bwana? Nao mmewabadilisha?"

"Paka gani?"

"Wetu. Wale wanaoitwa na Wazungu paka wa Siam. Wao sasa ni Wathai?"

Bwana Sawaeng alikuwa kijana mwenye bidii, na swali akiulizwa alilifikiria. "Paka hawamo kwenye amri," akasema.

"Wana bahati yao. Basi wangu ni Msiam kunipita mimi."

"Una paka wa namna hiyo, Mama?"

"Ninaye," alisema Lamun, kifua mbele. "Wa mwisho Bang Takhop nzima."

Bwana Sawaeng akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. Lamun alipokuwa anarudi mtumbwini, ndoo zake tupu zikigongana, ndipo alipoanza kujiuliza kwa nini kijana yule alitabasamu.

*

Paka alikuwa anaitwa Nuan. Mwili wake ulikuwa wa rangi ya tui, na uso, masikio, miguu na mkia vyeusi, kana kwamba alichovya ncha zake zote kwenye moshi. Mkia ulikuwa na kifundo mwishoni. Kutwa alilala kwenye ukingo wa jiko la sukari, pale palipo na joto lisilounguza, Lamun akichemsha maji matamu yaliyogemwa kwenye makarara ya minazi na kuyakoroga mpaka yawe sukari guru. Nyanya yake Nuan aliletwa nyumbani na marehemu Thuam, mumewe Lamun, ndani ya chungu cha kugemea, mwaka waliooana. Thuam alianguka mnazini miaka mingi baadaye, lakini kizazi cha paka wake hakikuanguka. Kila Lamun alipolitazama jicho lile la buluu aliona asubuhi ile ya chungu, na mumewe kijana anacheka, mikono imejaa mikwaruzo.

Zamani paka wa aina hiyo, wichianmat kama wanavyoitwa kwao, walikuwa kwenye kila nyumba. Kisha wakaja wachuuzi wa meli kuulizia paka wa Siam, na nyumba moja moja ikauza. Jirani yake Lamun, Jaem mfuga bata, aliuza wote watatu, akabaki na paka wa madoadoa asiyetakiwa na meli yoyote.

Bwana Sawaeng alifika kwa boti ya ofisi, boti yenye injini, ikatikisa nguzo za nyumba. Hakuvua viatu. Alisimama ukingoni mwa baraza, kofia ya sufu kichwani, akamtazama Nuan kama mtu anayetazama tikiti sokoni.

"Mama Lamun, una bahati kubwa. Kuna mgeni wa heshima, Mzungu wa kampuni ya mbao. Jumapili anaondoka kwa treni kwenda kupanda meli. Wilaya inataka kumpa zawadi ya kukumbukia nchi yetu, na yeye mwenyewe amesema angependa paka wa Siam."

"Wa Siam?"

"Ndiyo."

"Siam haipo, Bwana. Ulisema mwenyewe. Hakuna Msiam siku hizi."

"Mama, usinicheze shere. Hilo ni jina la paka tu."

"Jina la paka tu!" Mkono wa Lamun ulisimama juu ya sukari, na sukari ikianza kushika chini. "Mimi nililitumia tangu nazaliwa, mkaninyang'anya mkasema ni la kishamba. Kumbe mlikuwa mnamwekea Mzungu ampe paka wangu?"

"Hutapoteza kitu. Nitakuletea kofia. Kofia ya kweli, kutoka Bangkok."

Jibu alilokuwa nalo Lamun lilikuwa kwenye mwiko, na mwiko ulikuwa wa moto.

"Jumamosi nitakuja na kikapu," alisema Bwana Sawaeng kwa upole, jinsi watu wanavyosema na wagonjwa. "Ni amri ya wilaya, Mama. Usinifanye nije na polisi kwa ajili ya paka. Nitaona aibu mimi, utaona aibu wewe."

Boti iliondoka. Mawimbi yake yakapiga nguzo, yakarudi, yakapiga tena. Lamun akaketi chini. Aliwaza yule mwanamke wa mayai ya bata, aliyeambiwa "watarudi," akaamini. Yeye hakuambiwa hata hilo.

Jaem alikuwa amesikia yote akiwa kwake, maana Bang Takhop ukipiga chafya nyumba ya tatu inakuombea afya. Akavuka kwa mtumbwi wake, mdomo umejaa tambuu.

"Mfiche, shoga."

"Nimfiche wapi? Paka huyu akilia anasikika mpaka baharini."

"Basi mpe. Mimi nilitoa watatu, na bado nakula na kulala."

"Wewe una moyo wa bata, Jaem."

"Bata wana moyo mzuri tu," alisema Jaem, akatema tambuu majini. "Na ungekuwa umemtoa paka wako kwa ajili ya mvua, tulipokuomba kila mwaka, leo mfereji mzima ungekuwa upande wako. Mwaka jana ulituacha tumpake masizi paka wangu wa madoadoa. Nyumba ya kwanza tu masizi yakaoshwa, mvua ikatucheka."

Lamun akanyanyua uso.

Ndivyo lilivyo jambo hilo kwao: ukame ukizidi, paka jike mwenye uso wa rangi ya wingu hutiwa ndani ya tenga, akapitishwa kwa mtumbwi mfereji mzima kwa ngoma na nyimbo, na kila nyumba ikammwagia maji. Paka akilia, mbingu husikia. Mwenye paka huyo alikuwa Lamun, na kila mwaka Lamun alikataa. "Mkitaka kummwagia mtu maji," alikuwa akisema, "mmwagieni Khlai, naye ana sauti." Watu walimnunia. Wengine waliacha kununua sukari yake mpaka mvua iliponyesha.

Lakini jambo hilo lilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo hata mtoto wa Bang Takhop aliijua. Paka akishamwagiwa maji na nyumba ya kwanza, si wa mtu tena. Ni wa mfereji mzima mpaka mvua inyeshe. Hauzwi, hatolewi, havushwi mpaka wa mfereji. Anayemvusha, ukame wote ni wake.

"Jaem," alisema Lamun polepole, "nipeleke kwa Khlai."

*

Khlai alitaka kufurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, akashindwa yote mawili.

"Ofisi imesema mambo haya ni ushenzi, Mama Lamun. Watanivua ukuu."

"Ukuu wa nini, Khlai? Wa mitungi mitupu?"

"Basi sawa. Jumamosi asubuhi."

"Nina sharti. Maji matamu matupu. Tone la chumvi lisimguse machoni."

Watu waliokuwa barazani kwa Khlai wakageuka kumtazama. Maji ya mfereji yalikuwepo tele, yamejaa mpaka ngazini, na yote chumvi. Maji matamu ndiyo waliyokuwa wakiyapima kwa kifuu.

"Unasema paka aoge maji ninayojinyima mimi kunywa?" aliuliza Jaem.

"Ndiyo."

Jaem akamtazama. Kisha akacheka mpaka meno yake meusi yote yakaonekana. "Haya. Wazimu ukiingia mfereji mzima, mimi nitabaki na akili zangu nifanye nazo nini?"

Jumamosi asubuhi mitumbwi ikajipanga. Mbele ngoma, nyuma wanawake na nyimbo, katikati mtumbwi wa Lamun, na ndani yake tenga la mianzi lenye kifuniko. Lamun alimtia Nuan tengani kwa mikono yake mwenyewe, na Nuan, aliyekuwa hajawahi kutendewa jambo baya na mikono hiyo, aliingia bila kupinga. Hilo ndilo lililomchoma Lamun kuliko makucha. Wanawake wakaanza:

*Bibi uso wa wingu, lia tukusikie,*
*Mtungi hauna kitu, lia uturudie,*
*Mbingu imelala fofo, lia uiamshie.*

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Jaem. Alitoka na kifuu kimoja, amekishika kwa mikono miwili kana kwamba ni cha mafuta, midomo yake imepasuka kwa kiu. Akamimina. Nuan akatoa sauti ya mtoto aliyeibiwa, sauti ndefu, yenye hasira, na mfereji mzima ukashangilia. Lamun hakushangilia. Aliegemeza paji lake la uso kwenye tenga na kunong'ona, "Nisamehe, mama. Nisamehe. Wakikupenda kwa sababu umewagharimu, hawatakuachia."

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Kila mmoja alitoa kidogo alichokuwa nacho: mzee aliyekuwa amebakiza maji ya dawa yake, mama aliyekuwa ameficha maji ya kumwosha mtoto mchanga. Hakuna aliyemimina bila kumwambia paka neno. "Tuombee, bibi." "Pole, bibi, baridi tu hiyo." Na Lamun, aliyewanunia watu hawa nusu ya maisha yake, aliona vifuu vile visivyojaa, akaona aibu, na juu ya aibu akapata hasira mpya: kwamba watu wanaojua kutoa hivi, kijana wa kola anawaita washenzi.

Boti ya ofisi iliwakuta katikati ya mfereji. Bwana Sawaeng alikuwa na kikapu kizuri, kimetandikwa kitambaa, na chini ya kwapa boksi la kofia.

"Acheni ngoma! Mama Lamun, nimekuja kuchukua paka."

"Haiwezekani, Bwana," alisema Khlai kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa alijisikia amesema na hakufa, akasema kwa sauti kubwa. "Ameshamwagiwa!"

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo si wake. Ni wetu. Mpaka mvua inyeshe."

"Na mvua itanyesha lini?"

"Muulize huyo," alisema Jaem, akionyesha tenga. "Sisi tumemwuliza asubuhi nzima."

Bwana Sawaeng akatazama mitumbwi iliyomzunguka. Hakuna aliyekuwa ameinua kafi, hakuna aliyetukana. Walikuwa wameketi tu, wanamtazama, midomo mikavu. Akatazama mbingu, nyeupe kama bakuli lililooshwa. Labda alikumbuka kwamba treni ni kesho, na kwamba polisi wa wilaya wote wana mama zao kwenye mifereji hii hii.

"Vizuri. Na ikinyesha leo?"

Khlai alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimponyoka. "Ikinyesha, paka ni wa Lamun tena."

"Na kwa Lamun nina amri. Nitasubiri." Akapanda kwenye kibanda cha kupumzikia kando ya maji, akaketi, kikapu huku, boksi kule.

Lamun akampiga jicho Khlai, na Khlai akapata kazi ya kuchunguza kafi lake.

Msafara ukamaliza nyumba zilizobaki, ukarudi. Kisha wote wakasubiri. Sijui kama palipata kuwa na mtu wa Bang Takhop aliyewahi kuomba mvua isinyeshe. Lamun aliomba. Aliketi mtumbwini chini ya kibanda kile, mkono ndani ya tenga, akiwa na minazi yake inayokufa mbele ya macho yake na majirani waliomwaga maji yao ya mwisho nyuma ya mgongo wake, na aliomba: si leo. Kesho. Treni ikishaondoka, hata gharika. Lakini si leo. Naye alijua kwamba anachoomba ni kibaya, akazidi kuomba.

Alasiri upepo ukageuka. Ulitoka baharini na harufu ya chuma kilicholowa. Bata wa Jaem wakanyamaza wote kwa pamoja. Wingu likapanda nyuma ya minazi, jeusi usoni na jeupe mwilini, na tone la kwanza likaanguka juu ya kofia ya Lamun: to. Kisha la pili. Kisha mbingu ikaachia.

Sauti zilipanda nyumba zote, shangwe ya watu waliokauka. Zikapanda, zikafika nusu, zikakatika. Mtu alikuwa ameshamwona Bwana Sawaeng anasimama. Mfereji mzima ukanyamaza, mvua inawapiga vichwani, inawaingia mdomoni, na hakuna aliyesema neno. Jaem alikuwa amesimama ngazini pake, uso juu, anakunywa. Akafunga mdomo.

Bwana Sawaeng alitoka kibandani anang'aa, kikapu mkononi. "Mvua! Mama Lamun, mvua imenyesha!"

"Wapi?" alisema Jaem.

"Wapi nini? Hii!"

"Mimi sioni mvua, Bwana." Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye pua. "Wewe Khlai, unaiona mvua?"

Khlai alikuwa amelowa chepechepe, sarongi imemganda mapajani. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Ukweli ulimjia tena mpaka kwenye meno, safari hii akaung'ata. "Umande," alisema. "Msimu huu huwa na umande mzito."

"Umande alasiri?"

"Wa kwetu ndivyo ulivyo."

"Na mbona mnafunua mitungi?" Kweli, kwenye kila baraza mikono ilikuwa ikiondoa vifuniko kimyakimya, na mitungi ilikuwa ikianza kuimba.

"Tunaipunguzia joto," ilijibu sauti moja.

Bwana Sawaeng akashuka ngazi mpaka kwenye mtumbwi wa Lamun. Kofia ya sufu ilikuwa imenywa maji, ukingo umeanguka juu ya masikio yake kama jani la mgomba lililopigwa moto. "Mama," alisema, na sasa hakukuwa na ofisi ndani ya sauti yake, "wewe ni mtu mzima. Sema ukweli. Hii si mvua?"

Lamun akasimama. Mtumbwi ulitikisika chini yake. Alikuwa mfupi, na chini ya kofia yake pana hakuwa na tone moja usoni.

"Mwanangu," alisema, "niliamka siku moja nikaambiwa mimi si Msiam. Nilikuwa Msiam nilipolala. Sikubishana. Nilikuja ofisini kwako nikiwa na kofia, ukaniambia si kofia. Tazama sasa, tazama yako na tazama yangu, kisha uniambie kofia ni ipi. Sikubishana, nilirudi na ndoo tupu, na hawa watu wakarudi na ndoo tupu. Mmesema paka ni wa Siam kwa sababu Mzungu anamtaka, na mimi si wa Siam kwa sababu hakuna anayenitaka. Haya, mmesema ninyi, imekuwa. Leo tunasema sisi. Hii si mvua."

Mkono wake ulikuwa bado umeshika kifuniko cha tenga. Ndani ya tenga Nuan akalia mara moja, kwa ufupi, kama mtu anayetia saini.

Mvua ilizidi. Mtu angeweza kuogelea ndani yake. Bwana Sawaeng aliwatazama wote, mmoja mmoja, watu waliokuwa wakimtazama kwa adabu kabisa huku maji yakiwatoka kwenye ndevu na kwenye ncha za vidole, na kitu fulani kikacheza kwenye pembe ya mdomo wake, akakizuia. Aliivua kofia, akaikamua. Nywele zake zilikuwa za kijana mdogo sana.

"Basi," alisema. "Nitarudi mvua ikinyesha."

Akapanda boti yake akaenda zake. Mpaka injini ilipopotea kwenye kona ya mfereji hakuna aliyepumua. Ndipo Jaem alipotupa mtandio wake hewani na kujitosa mferejini mzima mzima na nguo zake, na Bang Takhop ikashangilia mvua yake kwa kelele ambazo, walisema baadaye, zilisikika mpaka wilayani. Lamun hakuwa nao. Alikuwa nyumbani, kando ya jiko, anamkausha paka kwa sarongi ya zamani ya Thuam, na paka amempa mgongo. Nuan hakumtazama mpaka siku ya tatu, na Lamun aliona ni haki.

Jumapili treni iliondoka na Mzungu wake. Alipewa nini hatukuambiwa. Boksi la kofia lilikuwa limesahaulika kibandani. Lamun alilifungua, akaigeuza ile kofia ya kweli kutoka Bangkok kichwa chini, akaiweka kando ya jiko. Nuan alizalia humo watoto wanne, mmoja akaenda kwa Jaem, na Jaem hakumuuza.

Kuhusu jina, baada ya vita vya pili vya dunia walitangaza tena kwamba nchi ni Siam. Haikuchukua muda wakatangaza kwamba ni Thailand. Kila mara Khlai alikuja mwenyewe mpaka barazani kwa Lamun kumpa habari, karatasi mkononi, safari hizi ameishika sawasawa. Lamun hakuacha kukoroga.

"Waambie wakishamaliza," alisema, "waje wanijulishe. Waje mvua ikinyesha."